Smoki Jikoni: Shajara ya Chajio cha Dakika Thelathini

Masharti ya mradi

Smoki, ile soseji ya moshi inayopasuliwa na kujazwa kachumbari kwenye vituo vya matatu Nairobi, imezoeleka barabarani kuliko sufuriani. Mradi huu unaitafutia kazi nyumbani, siku za katikati ya wiki, watu wanapoingia saa moja na nusu usiku na hakuna mwenye subira ya kungoja nyama iive.

Vipimo viliwekwa kabla ya kuwasha moto: meko moja ya mtungi wa kilo 6, sufuria moja ya alumini yenye mfuniko, kikaango kimoja, walaji wanne, dakika 30 tangu kisu kishikwe hadi chakula kipakuliwe. Smoki ni gramu 200 kwa mlo, basi. Zile za kawaida huwa na gramu 40 hadi 50 kila moja, kwa hiyo hesabu nne au tano.

Kikomo hicho kina sababu. Mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliziweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na ikakadiria kwamba gramu 50 kila siku zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Gramu 50 ni smoki moja. Hapa tunapanga milo miwili kwa wiki, na katika kila mlo smoki inaingia kama kiungo: inatoa moshi, chumvi na mafuta, halafu mboga, maharagwe au wali ndiyo yanayoshibisha.

Wiki ya 1, Jumatatu: kukata

Mikato minne, moto uleule wa wastani, gramu 200 kila mara.

Smoki nzima bila kupasuliwa: mbili kati ya nne zilipasuka zenyewe na kurusha mafuta. Ndani mna maji. Yakigeuka mvuke hayana pa kutokea, ganda linaachia palipo dhaifu. Pasua ya barabarani, yaani mkato mmoja wa urefu, inatatua tatizo hilo, ila sehemu kubwa ya nyama haigusi chuma na ladha inabaki ndani. Hiyo inafaa kwa kuliwa mkononi. Kwa kuunga mboga haifai.

Vipande vyembamba kama shilingi (milimita 3) vilikauka na kujikunja vikawa kama vikombe, kingo zikaungua kabla ya katikati kupata rangi. Mshazari wa sentimita 1 ndio ulioshinda: uso mpana wa kukaanga, na katikati pakabaki laini. Tangu hapa, kila palipoandikwa "smoki" maana yake ni mshazari wa sentimita 1, isipokuwa isemwe vingine.

Wiki ya 1, Jumatano: kukaanga

Kikaango baridi, smoki ndani, ndipo moto uwashwe. Mafuta yanatoka polepole kabla uso haujashikwa na moto. Ukianza na kikaango kilichochemka, nje inakuwa nyeusi ndani ya dakika mbili na mafuta yamebaki ndani ya nyama. Viwandani mara nyingi huongezwa sukari kidogo kwenye mchanganyiko, na sukari ndiyo inayoungua kwanza. Ule uchungu unaobaki chini ya kikaango hautoki hata ukitia nyanya sita.

Dakika 5 hadi 6, geuza mara moja tu. Smoki za nguruwe zilitoa mafuta ya kutosha kukaangia kitunguu. Za ng'ombe zilitoa kidogo. Za kuku karibu hazikutoa kitu, na zilishika chini. Hizo zinataka kijiko kikubwa kimoja cha mafuta tangu mwanzo.

Kisha ziopoe. Hili ndilo jambo linaloharibu mapishi mengi ya smoki: zinaachwa sufuriani mboga ikitoa maji, ule ukaukau wote wa nje unalowa, na mwisho unatafuna mpira. Kaanga, opoa, weka kwenye sahani, rudisha dakika mbili za mwisho. Mafuta na kile kilichoshika chini vinabaki. Hapo ndipo kitunguu kinapotua.

Wiki ya 2: sukuma wiki na ugali

Tatizo halikuwa mapishi, lilikuwa foleni ya meko. Jaribio la kwanza lilichukua dakika 41: smoki na sukuma 17, kisha maji ya ugali yalichukua karibu 9 kuchemka, kusonga na kuacha uive 15. Ugali ukipikwa kwanza unangoja na kujenga ngozi. Sukuma ikipikwa kwanza na kufunikwa inaendelea kuiva kwa joto lake na kugeuka rangi ya zeituni.

Suluhisho ni themosi. Chai ya jioni ikibandikwa, chemsha lita moja zaidi, ihifadhi. Maji yakitoka themosi yanarudi kuchemka kwa dakika 2 au 3. Na sukuma iepuliwe ikiwa bado mbichi kidogo, mfuniko ukae upande, si kufunika kabisa.

Mpangilio uliokubaliwa:

Smoki 200 g, dakika 6, opoa. Kitunguu kikubwa 1 kwenye mafuta yaleyale, dakika 3. Nyanya 2 zilizokatwakatwa, dakika 4, ukikwangua chini kwa mwiko ili ule ukoko wa nyama uyeyuke na kuingia kwenye mchuzi. Sukuma 500 g iliyoondolewa vikonyo na kukatwa nyembamba, moto mkali, dakika 3 bila mfuniko. Rudisha smoki, geuza, epua. Maji ya themosi, unga wa mahindi 500 g hivi kwa lita moja, songa. Jumla dakika 31. Dakika moja hatugombani nayo.

Sukuma iwe imekaushwa baada ya kuoshwa. Ikiingia na maji ya kuoshea inachemka badala ya kukaangika, na harufu ya moshi inapotea kwenye mvuke. Ikate kavu, ioshe nzima. Wauzaji wanaokata sukuma sokoni wanaokoa muda, ila ile iliyokatwa ukiiosha tena inashika maji kama sifongo.

Kabeji inafuata njia hiyohiyo, dakika 6 badala ya 3, nusu ya kwanza ikiwa imefunikwa. Karoti moja iliyoparuzwa inasaidia, kwa sababu utamu wake unapunguza makali ya chumvi. Hakuna zaidi la kuandika juu ya kabeji.

Wiki ya 2, Ijumaa: hesabu ya chumvi

Sukuma ya Jumanne ilitiwa chumvi kwa mazoea, pamoja na mchuzi mix, na haikulika. Ikabidi kalamu ishikwe.

Smoki huwa na chumvi gramu 2 hivi kwa kila gramu 100. Gramu 200 zinaleta gramu 4, yaani thuluthi mbili za kijiko cha chai, na nyingi yake inashuka kwenye mafuta na mchuzi. Sukuma nusu kilo yenye nyanya mbili inatosheka na hiyo. Mchuzi mix na vidonge vya supu navyo vina chumvi nyingi; ukivitia juu ya smoki unahesabu mara mbili.

Pakiti nyingine zinaandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5. Gramu 0.8 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi.

Kanuni ya mradi kuanzia leo: chumvi inaonjwa baada ya smoki kurudi sufuriani, kamwe si kabla. Kwa ladha inayokosa uchangamfu, jaribu kwanza ndimu au nyanya. Mara nyingi kinachoonekana kama upungufu wa chumvi ni upungufu wa uchachu.

Wiki ya 3: wali wa sufuria moja

Mlo huu umeharibika mara mbili, na kila mara kwa sababu tofauti.

Jaribio la kwanza: mchele wa pishori vikombe 2 (400 g), maji vikombe 4, nyanya 3. Bokoboko. Nyanya tatu za wastani ni karibu gramu 300, na zaidi ya asilimia 90 ya hizo ni maji. Kikombe kizima cha maji kiliingia bila kuhesabiwa.

Jaribio la pili: maji yakapunguzwa hadi vikombe 3, nyanya zikapikwa mpaka mafuta yakajitenga pembeni. Wali ukachambuka vizuri juu, chini ukaungua. Sufuria nyembamba ya alumini juu ya meko ndogo inapata moto mahali pamoja, duara la ukubwa wa kiganja, na mabaki ya smoki yaliyoshika hapo yakageuka mkaa. Harufu ya kuungua ilipanda mpaka juu. Ukoko mzuri ni wa rangi ya asali. Huu ulikuwa mweusi na mchungu.

Jaribio la tatu lilibadilisha mambo mawili. Chini pakakwanguliwa kwa robo kikombe cha maji kabla ya mchele kuingia, mpaka mwiko ukateleza bila kukwama. Na maji ya wali yalipokaribia kukauka, kikaango kikawekwa kati ya meko na sufuria ili moto usambae. Dakika 12 hapo, mfuniko umebanwa kwa kitambaa safi, ncha zake zikafungwa juu zisifikiwe na moto.

Viungo: bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, kitunguu saumu punje 4, tangawizi kidole gumba. Karafuu na iliki ziliondolewa baada ya kuonjwa. Moshi wa smoki na karafuu vinapigania nafasi moja puani, na kinachotoka si pilau wala si kitu kingine. Anayetaka pilau apike pilau, kwa nyama.

Smoki zinarudi dakika 5 za mwisho, juu ya wali, bila kukorogwa. Hoho moja iliyokatwa ndogo pamoja nazo. Chumvi ya ziada: nusu kijiko cha chai kwenye maji, kwa sababu mchele mkavu gramu 400 unahitaji zaidi ya kile smoki inachotoa. Huu ndio mlo pekee ambao kanuni ya Ijumaa inavunjwa, maana wali ukishaiva chumvi haiingii tena.

Muda: dakika 34 hata kwa maji ya themosi. Umepitishwa kwa msamaha.

Wiki ya 4: maharagwe

Hapa smoki imepata mwenzake. Maharagwe hayana mafuta na yanapenda chumvi. Smoki ina vyote viwili. Ila maharagwe ya dakika 30 hayapo. Yanapikwa Jumapili.

Nusu kilo ya maharagwe makavu, yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza, hasa yale mekundu, ambayo yana sumu inayoharibiwa na mchemko kamili. Moto wa chini peke yake hautoshi. Kisha moto mdogo mpaka yaminyike kati ya kidole na kidole. Nyanya, ndimu au ukwaju visiguse sufuria kabla ya hapo, kwa kuwa uchachu hulifanya ganda ligome kulainika.

Muda unategemea mahali. Nairobi, mita kama 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mombasa ni 100. Ndiyo maana kipimo cha "saa moja na nusu" kilichotoka Pwani kinakuacha na maharagwe magumu Nairobi, na si kosa la muuzaji. Presha kuka inapunguza sana tofauti hiyo.

Nusu kilo inatoa kilo 1.2 hivi yaliyoiva. Gawa mara mbili pamoja na mchuzi wake, gandisha yakiwa bapa ndani ya mfuko ili yayeyuke haraka.

Jioni yenyewe: smoki 200 g, zamu hii zikatwe kete ndogo za nusu sentimita. Kijiko kinabeba maharagwe, na kipande kikubwa kinakipita. Kaanga, opoa. Kitunguu 1, saumu punje 3, karoti 1 ya kete ndogo, dakika 5. Nyanya 2, dakika 4. Maharagwe gramu 600 na mchuzi wake, kikombe na nusu. Chukua upawa mmoja wa maharagwe, uponde ubavuni mwa sufuria, urudishe: ndio unaofanya rojo lishike, bila unga. Dakika 10 moto mdogo, rudisha smoki, dania. Kwa chapati, wali au ugali. Dakika 25.

Ndengu zilijaribiwa kwa njia hiihii na zikafanya vizuri zaidi ya ilivyotarajiwa. Githeri imekuwa nzito. Mahindi hayanyonyi ladha, yanakaa tu.

Wiki ya 5: majaribio matatu mafupi

*Viazi.* Gramu 800, kete za sentimita 2, maji baridi, dakika 6 baada ya kuchemka. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria moto dakika moja vikauke, kingo zikipata ungaunga. Ndipo viingie kwenye mafuta ya smoki pamoja na vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia, na visiguswe dakika 4. Anayekoroga mapema anavunja ile ngozi inayojijenga chini, kiazi kinashika kikaango, na mwisho wa yote ni viazi vya kuponda vyenye smoki. Geuza mara mbili tu. Pilipili mbuzi kwa hiari.

*Chipsi mayai.* Dar es Salaam tayari wameshamaliza kazi hii. Sisi tumeongeza moshi. Chipsi za kibandani gramu 400, mayai 6, smoki 3 za kete ndogo. Kaanga smoki, tandaza chipsi juu yake, mimina mayai yaliyopigwa, moto wa chini, funika dakika 5. Geuza kwa sahani. Kitunguu kibichi kilitoa maji na kupasua zege (ndilo jina jingine la chipsi mayai) katikati lilipogeuzwa. Kikae kwenye kachumbari pembeni. Dakika 12, mlo wa haraka kuliko yote.

*Mchuzi wa nazi.* Umekataliwa. Tui zito lilikatika kwa sababu lilichemshwa kwa nguvu, kosa linaloepukika, lakini hata lilipotulia, nazi ilimeza moshi na kuacha chumvi peke yake. Chumvi kali ndani ya nazi ina mwenyewe tayari, papa mkavu, na smoki haifiki alipo.

Wiki ya 5, Jumamosi: smocha ya nyumbani

Chapati, smoki, kachumbari. Kinachoishinda nyumbani ni kachumbari: inachuruza, chapati inalowa na kupasuka mkononi kabla ya tonge la tatu. Kata kitunguu chembamba, kisugue kwa kijiko cha chai cha chumvi, kiache dakika 5, suuza, kamua. Nyanya toa mbegu na lile teketeke lake. Changanya dakika ya mwisho, pamoja na dania na ndimu. Smoki zipasuliwe kwa urefu na kulazwa upande wa mkato chini. Hapa ndipo pasua inapofaa. Chapati ya jana ipashwe kwenye kikaango kikavu, sekunde 30 kila upande, ikikaa zaidi inakuwa kigae.

Wiki ya 6: friji, lebo, na walio mbali

Smoki hutoka kiwandani imeshaiva, na wengi huila bila kuipasha. Mradi hauruhusu. Bakteria wa listeria wanaendelea kuongezeka hata ndani ya friji. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, uliotokana na nyama za kusindikwa za aina ya poloni, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000 na vifo zaidi ya 200. Joto linawaua. Nyuzi 74 katikati, au kwa asiye na kipimajoto, kipande kikikatwa kitoe mvuke. Wajawazito na wazee hawana nafasi ya kubahatisha hapa.

Pakiti iliyofunguliwa: siku 3 hadi 4 kwenye friji, nyuzi 4 au chini yake. Utelezi, harufu ya uchachu au maji meupe kama maziwa, tupa. Rangi ya waridi haikuambii kitu. Inatoka kwenye naitraiti, kihifadhi kinachotiwa kiwandani, na inabaki hata nyama ikiwa imeharibika. Kugandisha: zitenganishe nne nne siku uliyozinunua, la sivyo utapigana na tofali la kilo moja kwa ncha ya kisu. Zilizoganda zinakatwa vizuri baada ya dakika 10 nje, zikiwa nusu ngumu, na mshazari unatoka safi kuliko zikiwa laini.

Kwa wanaotafuta halali: maandishi ya "ng'ombe" hayatoshi, kwa kuwa ganda la soseji linaweza kutengenezwa kwa mnyama mwingine. Tafuta alama ya halali yenyewe.

Waliopo Marekani, badala ya smoki, watapata kielbasa, soseji ya moshi ambayo mara nyingi huuzwa kwa umbo la kiatu cha farasi, gramu 370 hadi 400. Nusu yake inatosha mlo wa mradi huu. Kata duara nusu badala ya mshazari kwa sababu ni nene, na usiongeze mafuta. Andouille ya Louisiana ina pilipili, kwa hiyo punguza ya kwako. Chorizo kavu ya Uhispania haiingii kwenye vipimo hivi; imekaushwa, chumvi yake imejikusanya.

Hali ya sasa

Imepita: sukuma, kabeji, maharagwe, ndengu, viazi, chipsi mayai, smocha. Imepita kwa msamaha: wali. Imekataliwa: nazi, githeri.

Bado: spageti (jaribio moja limefanyika, maji ya kuchemshia yalitiwa chumvi kama kawaida na mlo ukawa kama bahari, rudia bila chumvi, weka kando kikombe cha maji yenye wanga), na wali tena, kwa sufuria yenye kitako kinene, kuona kama dakika nne zinapatikana.